Programu Huria na Viwango vya Kuhifadhi Matini

Idara yetu ina disketi za hadithi simulizi zilizokusanywa na wanafunzi wa zamani. Disketi zinasomeka, lakini nusu ya faili hazifunguki: programu iliyoziandika haiuzwi tena, na muundo wa faili zake aliujua mwenye programu peke yake. Hasara hiyo ndiyo inayotufanya tueleze kazi ya programu huria, yaani zenye msimbo ulio wazi kwa wote, katika vyombo vya viwango.

Desemba 2002 kamati ya shirika la viwango la OASIS ilianza kazi, ikichukua muundo wa faili wa OpenOffice.org kuwa msingi. Kampuni ya Sun Microsystems, mdhamini wa mradi huo, ilikuwamo. Lakini aliingia pia mwakilishi wa KOffice, mradi mwingine huria, na kwa maoni yetu hilo lilikuwa na uzito zaidi. Programu mbili zikitakiwa kusoma faili moja, mazoea ya mmoja hayatoshi. Kila jambo sharti liandikwe wazi. Kiwango cha OpenDocument kilipitishwa Mei 2005, na mwaka 2006 kikawa ISO/IEC 26300.

Kazi hiyo ni ya kuchosha (waliowahi kukaa katika kamati za istilahi wanaelewa), na wanaojitolea hukaa meza moja na wawakilishi wanaolipwa na kampuni.

Hadithi tulizookoa, kwa kuzichapa upya kutoka karatasi, tunazihifadhi kwa OpenDocument. Mwanafunzi huzifungua kwa LibreOffice bila kununua leseni.