Mubambiro: Safari ya Goma yala faida ya wachuuzi

Kutoka Mubambiro, kando ya Sake, mpaka katikati ya Goma ni zaidi ya kilometa 20. Kwa wakaaji wanaotafuta riziki mjini, minibasi ndiyo nafuu, lakini haiondoki mpaka ijae. Pikipiki inawahi, ila mama mwenye beseni moja ya mboga anaweza kumwachia motari faida yote ya siku. Chukudu ni ya mizigo: inateremka mbio, mlimani inasukumwa.

Benki za Goma zilipofungwa Januari 2025, pesa taslimu zikawa haba, hata chenji ya nauli ikawa tabu. Barabara ni ileile waliyoikimbilia na magodoro Februari 2024, vita vilipokaribia Sake.