Pikapu imekataa kuvuta: ni throto kweli, au ni waya tu?

Pikapu ya petroli imepakia magunia, inapanda Kitonga. Ghafla taa ya cheki injini inawaka, na hata ukikanyaga mafuta hadi mwisho gari inatambaa tu. Jibu la haraka gereji ni moja: "Throto imekufa, nunua nyingine." Huenda ni kweli. Ila kabla hujatoa hela, tuelewe hicho kifaa kinafanya nini.

Tunasema "kanyaga mafuta", lakini kwenye injini ya petroli mguu wako unaomba hewa. Throto ni mlango wa hewa: ndani yake kuna sahani ya duara inayozunguka kufungua na kufunga njia. Kompyuta hupima hewa iliyoingia, kisha inapulizia petroli ya kulingana nayo, takriban gramu 1 kwa gramu 14.7 za hewa. Hewa ikibanwa, nguvu nazo zinabanwa.

Magari mengi ya siku hizi hayana kebo kati ya pedali na throto. Pedali hutuma ishara ya umeme, mota ndogo inazungusha sahani, na sensa mbili zinaripoti imefunguka kiasi gani. Kwa nini mbili? Ili zichungane. Zikipishana, kompyuta haijui iamini ipi, hivyo inakata umeme wa mota. Springi inaiacha sahani wazi kidogo tu, utambae hadi mahali salama. Yaani pale mlimani gari ilikuwa inajilinda.

Sasa tumtafute mkosaji:

1. Pima kwa mashine. P2135 maana yake ishara za sensa hazikubaliani. P2111, sahani imekwama wazi. P2112, imekwama ikiwa imefungwa. Namba inataja dalili, haijataja kifaa cha kununua.
2. Pima betri, kagua soketi kama ina kutu au maji. Tikisa waya huku unatazama mashine: namba zikirukaruka, shida iko kwenye waya.
3. Toa bomba la hewa, switchi ikiwa imezimwa. Ukikuta masizi, safisha kwa dawa ya throto na kitambaa laini. Usiweke kidole switchi ikiwa imewashwa, mota inaweza kukubana.

Yote yakiwa sawa na kosa linarudi, hapo badilisha. Injini ipoe, chomoa hasi ya betri, toa soketi, na kama kuna mipira ya maji ya rejeta, izibe. Fungua boliti, weka gasketi mpya, kaza kwa kupokezana pembe kwa pembe. Mwisho, fanya utaratibu wa kuifundisha kompyuta throto mpya, kama kitabu cha gari kinavyoelekeza. Ukiruka hatua hiyo, injini inaweza kunguruma juu au kuzimika kwenye foleni, halafu utalaumu kifaa kipya bure.

Kwa hiyo ukiambiwa "throto imekufa", uliza: waya umepimwa?