Mpasuo wa Mbao na Uundaji wa Kiwiliwili cha Gitaa la Umeme: Mfano wa Mgrivilea wa Mashambani Lushoto

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua uhusiano baina ya namna gogo linavyopasuliwa na namna kiwiliwili cha gitaa la umeme, kile kisicho na uwazi ndani, kinavyoundwa. Mfano unatoka Lushoto, katika Milima ya Usambara Magharibi, ambako miti miwili ina hatima tofauti. Mkulo (Ocotea usambarensis) ni mti wa msitu wa asili uliovunwa sana tangu enzi za ukoloni. Leo unahifadhiwa katika misitu kama Hifadhi ya Mazingira Asilia Magamba. Mgrivilea (Grevillea robusta), wenye asili ya mashariki mwa Australia, hupandwa na wakulima mipakani mwa mashamba na kwenye matuta. Hoja ya makala ni kwamba mgrivilea, licha ya wembamba wake, unatosha kwa kazi hii iwapo utapasuliwa na kuungwa ipasavyo.

2.0 Aina za Mpasuo

Katika mpasuo bapa, gogo hukatwa vipande sambamba, na pete za ukuaji hulala karibu sambamba na uso wa ubao. Katika mpasuo wa robo, gogo hugawanywa kwanza mara nne kupitia kiini, kisha kila robo hupasuliwa ili pete zisimame wima katika unene wa ubao. Mpasuo bapa hutoa mbao pana na mabaki machache; mpasuo wa robo hutoa mbao nyembamba na mabaki mengi.

Fidia ya hasara hiyo ni utulivu. Mbao inapokauka, husinyaa kwa kufuata mzingo wa pete takriban mara mbili ya inavyosinyaa kutoka kiini kuelekea gome. Kwa hiyo ubao bapa huelekea kujikunja, ilhali ubao wa robo hubaki umenyooka zaidi. Kwa gitaa lililoundwa Lushoto, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, kisha likapigwa katika hewa yenye unyevu ya Tanga, tofauti hiyo huonekana pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Aidha, mgrivilea una miale mipana, yaani tishu zinazotoka kiini kuelekea gome. Mpasuo wa robo huidhihirisha kama mabaka yanayometameta.

3.0 Uundaji wa Kiwiliwili

Kiwiliwili cha kawaida huhitaji ubao wenye urefu wa sentimeta 40, upana wa sentimeta 33 na unene wa milimeta 45. Gogo la mgrivilea lenye kipenyo cha sentimeta 30, likiondolewa gome na kiini, hutoa mbao za robo zenye upana wa sentimeta 11 hivi. Vipande vitatu vya namna hiyo, vikirandwa kingo na kuunganishwa kwa gundi, hutimiza upana unaotakiwa.

Idadi hiyo ina faida ya kimuundo. Vipande viwili huweka kiungo katikati kabisa, chini ya nyuzi; vipande vitatu huweka shingo na daraja juu ya kipande kimoja kizima, ambacho hubeba mvuto wa nyuzi sita, takriban kilo 45. Kuunga vipande si dalili ya uduni: viwiliwili vingi vya Fender, kampuni iliyotoa gitaa la aina hii sokoni mwaka 1950, viliungwa kwa vipande zaidi ya kimoja.

Kuhusu uzito, mbao ya mgrivilea ina takriban kilo 600 kwa meta ya ujazo. Ubao mzima huwa na kilo 3.6 kabla ya kuchongwa. Ubao huohuo ukiwa wa mpingo ungezidi kilo 7. Tahadhari moja ni muhimu: vumbi la mgrivilea huweza kuwasha ngozi, hivyo fundi ajikinge.

4.0 Hitimisho

Pikapu hunasa mtikisiko wa nyuzi za chuma kwa sumaku. Mchango wa mbao katika sauti ya gitaa hili unabishaniwa. Mchango wake katika uthabiti haubishaniwi. Ikiwa kigezo ni uthabiti, basi swali la msingi si umri wa mti bali mpasuo, ukaushaji na kiungo. Hivyo, fundi wa Lushoto hana sababu ya kiufundi ya kuutamani mkulo wa msituni, na mkulima mwenye migrivilea ana sababu ya kuiacha inenepe kabla ya kuiuza kama kuni.