Habari za Mbwa Wetu na Viroboto Wake

Wengi wenu mna mbwa nyumbani. Mbwa ndiye mlinzi wa mlango usiku, ndiye afukuzaye nyani mahindini, tena ndiye rafiki wa watoto. Lakini pamoja na mbwa huingia viroboto, na viroboto huleta ugomvi. Watoto hujikuna usiku kucha, mama hulalamika, na baba husema, "Mbwa huyu atoke." Sisi nasi tulipatwa na jambo hilo, tukakosa sana. Twaona vema kuwaeleza kosa letu, ili ninyi msilirudie.

Wakati ule tulikuwa tukikaa Makambako, pale njia ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Mbeya. Wanaopajua wanaujua upepo wake na vumbi lake. Tulikuwa na mbwa mmoja mwekundu, jina lake Simba, na kijana wetu wa miaka tisa alimpenda kuliko kitu cho chote. Mwaka mmoja viroboto walizidi, hata hatukulala. Tukasema moyoni, dawa kali ndiyo dawa. Tukachukua dawa ya shamba iliyobaki baada ya kunyunyizia nyanya, tukaichanganya na maji kwa kukisia tu, tukampaka mbwa mwili mzima. Kabla ya jua kuchwa alianza kutetemeka na kutokwa na povu kinywani. Kulipokucha tulimkuta amekufa.

Mtoto hakulia mbele yetu. Aliuliza neno moja tu: "Baba, ulisoma yaliyoandikwa kwenye chupa?" Hatukuwa na jibu, maana hatukuyasoma.

Tulidhani kwamba viroboto nao wamekwisha. Siku ya tano baada ya kumzika mbwa tuliumwa kuliko mwanzo. Miguu ya watoto ilijaa vipele tokea kifundo hata goti. Mbwa alikufa, viroboto wakabaki. Ndipo tulipokwenda kwa afisa mifugo, tukamweleza yote pasipo kuficha. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, mlimpiga mchukuzi, mkaiacha ghala." Tukamwomba atufafanulie, naye akatufundisha habari hizi.

Kiroboto mkubwa hukaa katika manyoya ya mbwa na kunywa damu yake, na jike aweza kutaga mayai 40 au zaidi kwa siku moja. Walakini mayai hayashikamani na manyoya. Huanguka po pote mbwa apitapo, na zaidi mahali alalapo. Baada ya siku chache hutoka mabuu membamba, meupe kama nyuzi. Mabuu hao huukimbia mwanga. Hujificha katika nyufa za sakafu, chini ya mikeka na ndani ya vumbi, wakila taka pamoja na mavi makavu ya viroboto wakubwa, ambayo ni damu tupu. Kisha kila buu hujifumia kifuko, na vumbi hukishika hata kisionekane. Ndani ya kifuko hicho kiroboto aweza kungoja majuma mengi, hata miezi, mpaka asikie joto la mwili au mtikisiko wa nyayo. Hapo hutoka mara moja na kuruka.

Hii ndiyo sababu mtu arudiye kutoka safari ndefu, akiifungua nyumba iliyokuwa tupu, hushambuliwa papo hapo mlangoni. Wataalamu hukadiria kwamba katika viroboto 100 wa nyumba moja, tukihesabu mayai na mabuu, walio juu ya mbwa ni kama 5 tu. Wengine wote wamo sakafuni na malaloni. Basi tulipomwua Simba tuliwanyima chakula chao, nao wakaja kwetu.

Baadaye tulihamia mjini Njombe, mwendo wa kilometa 60 hivi kutoka Makambako. Nchi ile ipo juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake huingia mifupani. Tulidhani kwamba baridi hiyo itawamaliza viroboto. Kumbe sivyo. Wakati wa baridi watu hukusanyika jikoni karibu na moto, na mbwa naye hulala hapo hapo kando ya mafiga. Jikoni mna joto na unyevu, na hayo mawili ndiyo mabuu wayatakayo.

Siku moja kijana wetu alirudi kutoka shule na mtoto wa mbwa aliyepewa na rafiki yake. Alisimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. Mama watoto akamtazama, akasema, "Mlete ndani, lakini safari hii tuanze na sakafu." Nasi tulifanya hivi.

Kwanza tulimchunguza. Tulimchana kwa kitana chenye meno yaliyosongana, juu ya kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji. Punje nyeusi zilizoanguka ziligeuka kuwa na wekundu. Hiyo ni alama ya hakika, kwa maana udongo haugeuki hivyo, bali mavi ya kiroboto ni damu.

Pili tulimwosha. Mtoto wa mbwa aliye mdogo sana haifai kupakwa dawa. Sabuni na maji ya vuguvugu vyatosha. Tulianza kwa kumzungushia povu shingoni, ili viroboto wasikimbilie masikioni na machoni. Tukampaka mwili wote, tukangoja dakika chache, tukamsuuza, tukamchana tena. Kila kiroboto aliyenaswa alitupwa katika bakuli la maji ya sabuni, asiruke tena. Kisha tulimkausha vizuri karibu na moto, maana baridi nayo huua.

Tatu, siku ile ile, tuliingia ghalani kwa adui. Gunia la mbwa lilichemshwa. Mikeka na mablanketi yalitolewa nje kwenye jua. Sakafu ilinyunyizwa maji kidogo, ikafagiwa hata pembeni na mvunguni mwa vitanda, na taka zikachomwa moto. Nyufa tulizisiriba kwa udongo. Kazi hii haifanywi mara moja ikaachwa, kwa sababu waliomo vifukoni hawafikiwi upesi na dawa wala maji. Tulifagia kila siku na kulifua gunia kila juma, muda wa miezi mitatu. Katika mwezi wa kwanza tuliona wengine wakitoka, tukakaribia kukata tamaa. Mwezi wa tatu hatukuona hata mmoja.

Mbwa alipokua tulitumia dawa, na hapa yafaa kutaja utajiri wetu wenyewe. Katika milima ya Njombe na Makete mmeona mashamba ya maua meupe yenye moyo wa manjano. Hayo ni pareto, ua ambalo asili yake ni Dalmatia, pwani ya bahari ya Adria huko Ulaya. Maua hukaushwa, na katika kiwanda cha Mafinga, mkoani Iringa, hukamuliwa ile nguvu yake iitwayo piretrini. Nguvu hiyo hushika mishipa ya fahamu ya mdudu hata akaanguka. Mwanga wa jua huiharibu upesi, kwa hiyo unga wa pareto hutunzwa gizani.

Walakini unga uliosagwa nyumbani hauna kipimo, tena huwasumbua wenye pumu. Kwa mwili wa mbwa nunueni katika duka la dawa za mifugo ile iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, kwa umri wake na uzito wake. Angalieni sana habari za paka. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, iliyotengenezwa kwa mfano wa piretrini. Mbwa huistahimili, bali paka aweza kufa nayo. Dawa ya shamba, dawa ya josho na mafuta ya taa msimpake mnyama wenu kamwe.

Pengine mtu atasema, "Kiroboto ni mdudu mdogo, ya nini taabu yote hii?" Na ajue kwamba kiroboto huchukua tegu wa mbwa, na mtoto mdogo achezaye sakafuni akimmeza kiroboto huyo kwa bahati mbaya, aweza kuota tegu tumboni. Tena funza aingiaye vidoleni ni ndugu yake kiroboto. Asili yake ni Amerika. Alifika pwani ya Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka Afrika hata pwani yetu. Naye hukua katika vumbi la sakafu, na mbwa ni mmoja wa wanaomlisha. Kwa hiyo fagio lile lile hupigana na adui wawili.

Yule mtoto wa mbwa sasa ni mbwa mzima. Kila tununuapo dawa, kijana wetu huichukua chupa kwanza, akatusomea maandishi yake kwa sauti tangu juu hata chini, nasi twamsikiliza.

Ninyi waalimu, wafundisheni watoto habari za ghala na mchukuzi. Nanyi akina baba na akina mama, kabla ya kumlaumu mbwa leo jioni, inueni mkeka mtazame chini yake.