Msamaha wa Mtihani wa Hesabu

Katika jimbo la Texas, huko Marekani, mwanafunzi aliyekubaliwa na chuo cha serikali haingii hivi hivi katika darasa la hesabu, kwani sheria iliyotungwa mwaka 2003 yamtaka kwanza athibitishe, ama kwa mtihani uitwao TSIA, ama kwa ushahidi mwingine unaotambulikana, ya kuwa elimu aliyotoka nayo shuleni yamtosha. Na asiyethibitisha hufungwa na masomo ya kufidia upungufu, ambayo siku hizi aghalabu husomwa sambamba na somo lenyewe, na ambayo hulipiwa ada ilhali hayahesabiwi katika shahada.

Wazazi waliohamia huko kutoka Kongo au Afrika ya Mashariki, waliozoea cheti kimoja cha mwisho kuwa ndiyo hoja ya kila jambo, hudhani kwamba msamaha wa kutoufanya mtihani huo huombwa kwa barua, mfano wa ruhusa ya mgonjwa. Sivyo. Huchumwa, na msimu wake ni mwaka wa 11 wa masomo, mwanafunzi aketipo kufanya mtihani wa SAT: akipata alama 530 katika 800 za hesabu, TSIA ya hesabu imemwondokea. Aliyechagua mtihani mwenzake, ACT, hutakiwa 22 katika 36 za hesabu. Kuna pia somo maalumu la matayarisho la mwaka wa 12, lakini heri kuuliza kwanza kama chuo kinachokusudiwa kinalikubali.

Aliyekosa yote hayo asikate tamaa, maana TSIA yenyewe yaweza kufanywa angali shuleni, baada ya zoezi la matayarisho ambalo ni la lazima. Maswali ya hesabu ni 20, hayana kikomo cha saa, na kufaulu ni alama 950. Hata aliyepungukiwa huongezewa maswali mengine, na akifika daraja ya 6 katika hayo huhesabiwa amefaulu. Fadhila kubwa, kwa rai yangu, ni huko kukosa saa, nayo ndiyo vijana waipotezayo kwa pupa.

Msamaha huo, hata hivyo, haumfungulii mtu mlango wa kalkulasi; atakaye uhandisi atapimwa tena kwa kipimo cha chuo chenyewe. Na alama za SAT zina ajali yake: zikipita miaka 5, hazimsamehe mtu tena.