Vanila Hupimwa Jioni

Ilikuwa mwezi wa Februari, katika siku za jua lile ambalo mbuzi wa Kibwezi huyaacha malisho kabla ya adhuhuri wakajilaza vivulini mwa migunga, ndipo binti wa ndugu yangu aliponijia kutoka Nairobi na kichupa mkononi, akanipa shikamoo, akaketi, akasema: "Baba mdogo, haya ndiyo yale yale marashi unayoyajua, ila toleo hili jipya wamelitia vanila. Nusa, unipe hukumu." Marashi yenyewe ni ya jumba mashuhuri la mitindo la Ulaya, na yamekwisha kuenea mijini mwetu hata mtu huyanusa ndani ya matatu na kanisani, jina lake silitaji, kwa kuwa nitakayoyasema yaihusu vanila ya chupa yoyote.

Yeye alikuwa ameyahukumu tayari dukani, kwa kunusa mdomo wa chupa na kipande cha karatasi, akaona ni matamu kama keki na hayana la zaidi. Nilimwomba anivumilie hata magharibi.

Marashi ya chupani ni mafuta manukato yaliyochanganywa katika spiriti, na kila kiungo kilichomo kina uzito wake na hima yake ya kuruka hewani. Spiriti, ichemkayo kwa nyuzi 78 za Selsiasi, hutoweka kwanza, nayo hufuatana na vitu vyepesi vya jamii ya ndimu na machungwa. Yafuata maua, mfano wa waridi na asumini. Kisha hubaki vile vizito ambavyo mafundi huviita msingi, na miongoni mwavyo imo vanilini, iliyo roho ya riha ya vanila. Vanilini ikitengwa peke yake ni unga mweupe wa fuwele, unaoyeyuka kwa nyuzi 81 hivi na kuchemka kwa nyuzi 285, kwa hiyo anayehukumu dukani aghalabu huwa amewahukumu watumishi waliotangulia mlangoni, ilhali mwenye nyumba hajatoka chumbani.

Nilijipuliza mara moja kifundoni mwa mkono saa tano ya asubuhi. Robo saa haikutimia, ndimu zikawa zimekwisha. Saa sita ikanikuta na asumini, nayo imekonda kuliko ile ya toleo la zamani. Na kufika saa nane vanila ilikuwa imejaa chumba chote, nzito na nata, kama asali iliyomwagika juani, hata nikatoka nje kutafuta hewa. Hilo ni kosa la joto zaidi kuliko la mtengenezaji, maadamu kila ngozi inavyopata moto ndivyo vile vizito navyo vinavyoharakishwa kuruka, na utamu ambao katika nchi za baridi ungetolewa kidogo kidogo usiku kucha, kwetu ulimiminwa wote katika alasiri moja. Lakini jua lilipoinamia upande wa milima ya Chyulu, utamu ule ulipungua, na chini yake ikadhihiri harufu kavu ya mti, laini kama ya liwa iliyosagwa juu ya jiwe, ikaishika ile vanila isianguke ikawa peremende. Hapo ndipo nilipomwita binti nikampa kifundo anuse, naye akanyamaza kitambo, kisha akakiri kwamba hayo siyo aliyoyanusa dukani.

Basi vanila hii ni kitu gani hata ipewe heshima ya kubadilishiwa marashi jina? Asili yake ni tunda la mmea utambaao wa jamii ya okidi, kutoka Meksiko, ambao ua lake huchanua siku moja tu, na nje ya kwao halizai mpaka liguswe kwa mkono wa mtu. Aliyeyafundisha mashamba ya kisiwa cha Réunion njia nyepesi ya kuligusa, kwa kijiti na kidole gumba, alikuwa kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, mwaka 1841, na kazi yake ndiyo inayofanywa hata leo Madagaska na huko kwa jirani zetu wa Bundibugyo na Mukono, Uganda. Ganda likichumwa bichi halinukii, kwa kuwa vanilini imefungwa pamoja na sukari; huivishwa kwa joto na kuanikwa miezi kadhaa, vimeng'enya vikakikata kifungo hicho, na mwisho wake vanilini ni kiasi cha asilimia 2 tu ya uzito wa ganda. Kwa tabu hiyo yote haistaajabishi kwamba wanakemia waliitafutia njia ya mkato: Tiemann na Haarmann wa Ujerumani waliiunda mwaka 1874 kutokana na utomvu wa misonobari, na tangu hapo viwanda vimeitoa katika mbao na katika mafuta ya petroli. Wala haikuwa hasara kwa sanaa ya marashi, kwani Shalimar ya Guerlain, ya mwaka 1925, imesimama juu ya etilivanilini, ndugu yake wa kiwandani aliye mkali kumshinda.

Molekuli ya vanilini ni ile ile, iwe imetoka gandani au kiwandani, na pua haiwezi kuzitenga. Lakini mizani ya maabara yaweza, na sababu yake mtu wa Kibwezi aiona kila siku akipita kando ya shamba la mkonge la Dwa. Mkonge, kwa kuuogopa ukame, huvifunga vitundu vya majani yake mchana na kuvifungua usiku ili uvute hewa ya ukaa bila kupoteza maji, na vanila, ingawa ni mmea wa misitu yenye mvua, imejaaliwa desturi hiyo hiyo. Mimea ya namna hii huipokea kaboni nzito, ile ya uzani wa 13, kwa wingi kidogo kuliko msonobari ulao mchana. Kwa hiyo vanilini ya ganda hubeba alama ya usiku ndani yake, na ya mbao au ya petroli hukosa.

Mwezi wa Julai nilikwenda na marashi hayo Kitui mjini, harusini, katika asubuhi ya mawingu na baridi. Kichupa nilikuwa nimekisahau dirishani miezi kadhaa, na maji yake yaliyokuwa meupe yamekuwa rangi ya chai ya rangi, kwani vanilini hugeuka rangi ikikutana na mwanga, hewa na baadhi ya viungo vya maua. Hata hivyo riha haikuwa imeharibika. Bali katika baridi ile vanila ilitembea kwa adabu tangu asubuhi hata usiku, na watu wawili waliniuliza nimejipaka nini. Hukumu yangu ni kwamba toleo hili ni zuri, ni la jioni na la miezi ya baridi, na anayelinunua kwa mchana wa Februari atalijutia.

Lakini ile harufu ya mti, iliyokuwa kama ya liwa, yaani sandali, yanikaa moyoni. Sandali nyingi za chupani siku hizi huundwa maabara. Nyingine ni mti hasa, na mmoja wa miti hiyo ni msandali wetu, *Osyris lanceolata*, uotao katika milima mikavu ya Kitui na Makueni. Mizizi yake hujishika na mizizi ya jirani ili kunyonya maji, ndiyo maana ni mgumu kupandwa. Na kwa kuwa mafuta yake yamo zaidi mizizini, wezi hawaukati bali huung'oa, nao huipendelea miti ya kike, ile ile yenye kuzaa mbegu. Serikali iliupiga marufuku uvunaji wake kwa amri ya Rais mwaka 2007, na mwaka 2013 ukaingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, ila malori ya usiku hayajakoma. Kwa hiyo, ndugu msomaji wa Mutomo, wa Mbooni, wa Kibwezi, akikujia mtu na fedha taslimu akitaka mizizi ya mti huo, usimwonyeshe njia ya mlimani. Nenda ukawaarifu walinzi wa misitu kabla hajafika.