Tezi Iliyo Juu ya Figo

Likizo iliyopita tulichinja mbuzi nyumbani, Chanzuru. Katika mafuta yaliyofunika figo nilikuta kijinyama kama punje kubwa ya haragwe. Mjomba alitaka kumtupia paka. Nikamwomba anipe nikipasue. Ndiyo tezi ya adrenali. Binadamu anazo mbili, moja juu ya kila figo, na uzito wa kila moja ni kama gramu 4 au 5.

Nilikuwa na sababu ya kuitafuta. Binti ya shangazi yangu amekosa hedhi miezi mitano. Watu walisema ana mimba. Kipimo kilipoonyesha hana, wakasema amerogwa. Lakini mimi naona uso wake umeviringa, na ndevu zimeanza kumwota kidevuni.

Basi, wasomaji, hedhi huongozwa na ubongo. Tezi iliyo chini ya ubongo hutuma homoni katika damu ili ovari zikomaze yai. Yai lisipotunga mimba, utando wa ndani ya tumbo la uzazi hubomoka, ndiyo hedhi. Adrenali nazo hutoa kotisoli, itusaidiayo wakati wa njaa na maradhi, pamoja na homoni za kiume kidogo, ambazo kila mwanamke anazo. (Wavulana wa darasa letu walicheka waliposikia hayo.) Uvimbe ukiota katika adrenali, waweza kuzimwaga homoni hizo bila kungoja amri. Zikizidi, ubongo huacha kutuma ujumbe wake, yai halikomai, na hedhi hupotea. Mwaka 1912 daktari Mmarekani, Harvey Cushing, aliandika habari za mwanamke wa miaka 23 mwenye dalili za namna hii.

Uvimbe umwagao homoni hivyo ni wa nadra; uvimbe mwingi wa adrenali hauzidishi homoni. Wasiwasi, kukonda mno, hata vidonge vya steroidi vikinywewa muda mrefu, vyaweza pia kuvuruga hedhi. Ila anywaye vidonge hivyo asiviache ghafula pasipo daktari, maana ni hatari. Kwa hiyo sisemi kwamba nimeujua ugonjwa wa ndugu yangu. Hospitali hupima damu, na mkojo wa saa 24, kisha hupiga picha ya tumbo. Uvimbe ukipatikana, mara nyingi hukatwa, na hedhi yaweza kurudi.

Nilimwandikia shangazi hayo yote, pamoja na mchoro wa figo. Amejibu kwamba Jumatatu watakwenda Kilosa, hospitali ya wilaya.